Kulungu Ana Kwao, Udongo Wetu Hauna

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Narudia shikamoo kwa maandishi kwa sababu ile ya juzi kwenye simu ilikatika katikati na sikusikia ukiitikia. Mguu unaendeleaje? Leah aliniambia umeacha kuuchua kwa yale mafuta eti yananuka, na kwamba ulivuka daraja peke yako kwenda mjini kununua mbegu. Mama, daraja halijajengwa ili wewe ulitembee na mguu mmoja. Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mvua zimeanza, au zimewadanganya tena kama mwaka jana?

Sisi huku Ujerumani tuko salama. Esta amepata nguvu, mtoto ananyonya kama aliyetumwa, na paji lake la uso ni lako kabisa, hata lile kunjo unaloweka mtu akikuletea habari usiyoiamini. Barua hii inakuja kwa mkono wa dada Pendo, muuguzi tunayesali naye hapa, ambaye kwao ni Nyakato na anakwenda likizo. Sikutaka kuyasema haya kwenye simu. Macho yako najua hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo mdogo wangu Leah, wewe unayesoma, msomee Mama yote na usiruke panaponiaibisha. Huo ualimu unaousomea Butimba uanzie hapo.

Mama, nimekasirika, na nimeamua kuandika kabla hasira haijapoa. Nikingoja ipoe nitaanza kuwatetea hawa watu, maana ndivyo ulivyonilea.

Kwanza nikuungamie. Nilipokuambia kwamba kitovu cha mtoto kimedondoka na mambo yote yamekwenda sawa, nilisema kweli nusu. Kitovu kimedondoka. Mambo hayakwenda sawa. Hatujakizika, kwa sababu ule udongo ulionipa umeharibiwa.

Wewe unakumbuka ulivyouchimba. Ilikuwa asubuhi tunaondoka, ukainama na kijembe nyuma ya nyumba, chini ya uzio wa manyara, pale ulipozika kitovu changu. Ukaufunga kwenye kipande cha kanga yako, ukamwambia Esta kwamba mtoto atakayezaliwa ugenini kitovu chake kisitupwe kwenye pipa la hospitali. Kiwekwe humo, ili naye awe na kwao. Esta akauficha ndani ya kiatu chake cha harusi, na hivyo ndivyo ulivyosafiri.

Sasa nikueleze ulivyoharibika, na itabidi nianze na kulungu.

Kazi yangu unaijua. Nilipokutumia picha ulicheka kwamba nimesomea diploma ya mifugo nikaishia kuchunga swala wa Wazungu. Si swala, Mama, na si wa Wazungu, na hilo la pili ndilo linaloniuma. Hawa ni kulungu wa visiwa vya Ufilipino, mbali huko Asia. Ni wadogo, kimo cha beberu aliyeshiba, rangi ya kahawia iliyokoza na madoa meupe ubavuni. Dume huangusha pembe kila mwaka zikaota nyingine; marehemu Baba angesikia hilo angesema nimeanza kunywa. Kwao misitu imekatwa na wamewindwa mpaka wamebaki wachache sana, ndiyo maana wengine wamegawanywa kwenye bustani za wanyama kama hii yetu, wazaliane wasije wakatoweka duniani. Baridi ikija wanawashiwa taa za joto. Daktari wao huja akiitwa na hata asipoitwa. Sina kinyongo nao. Nawapenda, na yule jike mzee akinisikia nikikohoa huja mlangoni.

Siku tatu kabla ya binti yetu, jike mmoja alizaa. Msimamizi wangu, mzee mwenye ndevu anayeitwa Klaus, alitoa machozi. Kisha akafuta macho, akafungua jalada, akaanza kuandika. Nikamuuliza anaandika nini.

"Kwao," akasema.

"Si amezaliwa hapa?"

"Amezaliwa hapa, lakini si wetu. Soma."

Nikasoma. Mkataba unasema kila kulungu, yeye na kizazi chake chote, ni mali ya nchi alikotoka, na bustani hii ni mlezi tu. Hata akifa, hawawezi kufanya lolote na ngozi yake mpaka wameandika Ufilipino kuomba ruhusa. Yule mtoto alikuwa bado amelowa, miguu inatetemeka, na tayari ana jina, ana namba, ana nchi. Nilifurahi, Mama. Nilirudi nyumbani nikamwambia Esta kwamba hawa watu wana heshima.

Sasa tuje kwenye udongo.

Kuna mtaalamu mmoja, Dokta Ingrid, ana maabara nyuma ya zizi letu. Kila mwezi huja kuchota udongo wa kulungu na kuupima kama una magonjwa ya kwato. Ni mama mwema. Alimletea Esta nguo za mtoto kabla hata mimba haijaonekana vizuri. Mwaka jana tukila chakula cha mchana nilimwambia kwamba udongo wao haunuki kitu, wakati wa kwetu ukidondoshewa maji unanuka mvua ya kwanza. Akacheka, akaniambia ile harufu si ya mvua. Ni ya bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi udongoni. Nikabisha. Akasema basi niulete. Nikaupeleka kesho yake, kitita kizima, kama mtoto anayekwenda kuwaonyesha wenzake kiatu kipya.

Alidondosha maji tone moja tukanusa wote wawili. Mama, niliiona nyumba, na jiwe lako la kusagia, na kuku wamejikunyata chini ya kihenge. Dokta akaomba kijiko kimoja.

Ningefanyaje? Kwetu udongo haunyimwi mtu. Mzee Lubinza jirani yetu amesiriba nyumba tatu kwa kichuguu chetu, na sijawahi kumsikia Baba akimuuliza hata siku moja. Mtu akija na ndoo anaambiwa chota. Nikamwambia chota, na moyoni nikajiona mwungwana. Kisha akanishauri niuache wote kwenye jokofu lake, kwa sababu nyumba za huku zina mabomba ya joto na udongo ukikauka sana viumbe vilivyomo vinakufa. Nikaona huyu anaujali kuliko hata mimi. Nikamwachia.

Ikapita miezi, akaniita. Akanionyesha kisahani cha kioo. Alikuwa amepanda humo vijidudu vya vidonda, wale wakaidi wasiosikia dawa, na walikuwa wamejaa pote kama ukoga, isipokuwa katikati. Pale katikati palikuwa na doa jeupe la ungaunga, kama makopa ya muhogo yaliyoota ukungu, na pembeni yake duara safi kabisa. Hakuna kilichothubutu kulisogelea. "Huyu ametoka kwenye udongo wako," akasema. Alisema huenda siku moja, wakifanya kazi sana na Mungu akisaidia, ikapatikana dawa. Alisema pia kwamba ametafuta kwenye udongo wote alio nao, wa nchi nyingi, na hajaona mwingine kama huyo.

Nilijivuna, siwezi kukuficha. Mezani Klaus akaanza kumchokoza, kulungu na kidudu nani wa maana zaidi. "Kulungu akitoweka watoto watalia," akasema. "Huyo wako akitoweka nani atajua?"

"Ndiyo maana ni rahisi atoweke," Dokta akamjibu. "Wako ana macho makubwa. Wangu hana hata uso."

Nikacheka nao. Nilidhani ni mabishano ya chakula tu.

Juma lile lile alilozaliwa kulungu na akazaliwa binti yetu, ikaja karatasi. Aliileta bwana mmoja wa ofisi inayosimamia maabara, suti safi, hongera nyingi za mtoto. Akasema ni jambo dogo la kukamilisha taratibu. Nisaini mimi, na nakala nyingine itapelekwa kwako, Mama, na mtu atakayetoka Mwanza mjini. Nikaisoma pale pale nimesimama. Inasema kwamba mwenye udongo aliutoa kwa hiari bila sharti lolote, na kwamba yeye na kizazi chake chote hawatadai kitu, sasa wala baadaye, kuhusu udongo huo na viumbe vilivyomo.

Yeye na kizazi chake chote. Maneno yale yale, Mama. Kwa kulungu yameandikwa ili kizazi chake kisipoteze kwao. Kwako wewe yameandikwa ili kizazi chako kipoteze, na kizazi chenyewe kilikuwa na umri wa siku nne, kinalala kwenye kapu la nguo kwa sababu kitanda kilikuwa hakijafika. Na tena mahali pa kusaini wameweka kiboksi cha dole gumba peke yake. Wewe uliyekuwa katibu wa akina mama kanisani miaka yote ile, mwandiko wako mchungaji alikuwa anawaonyesha vijana. Nani aliwaambia hujui kuandika? Kidudu chenyewe wameshakipa jina la mji huu wa huku. Wamebandika na picha yake ukutani, imeandikwa kwamba kimegunduliwa hapa, kutoka udongo wa Afrika. Afrika nzima, kana kwamba haina nyumba yenye uzio wa manyara na mama mwenye kijembe.

Nilimfuata Dokta Ingrid maabara, karatasi mkononi.

"Dokta, kulungu aliyezaliwa juzi kwao ni wapi?"

"Ufilipino."

"Na huyu wako wa kwenye kisahani?"

Akavua miwani. Alisema ukweli, nampa haki yake. Alisema sheria inawataka waombe kibali serikalini kwetu kabla ya kufanya kazi na kiumbe chetu, na hawakuomba, kwa sababu jambo lilianza kama mchezo wa mezani. Sasa ofisi inataka kurekebisha.

"Kumrekebisha nani? Mama yangu?"

"Shija, kulungu unaweza kumhesabu. Hawa wamo wasiohesabika kwenye kijiko kimoja."

"Ulisema hujawaona penginepo."

Akavaa tena miwani yake. Aliyejibu ni yule bwana wa suti, nilipopeleka karatasi ofisini kwake bila sahihi. Alinikumbusha kwa upole sana kwamba udongo hauruhusiwi kuingizwa nchi hii, na kwamba nikianza kuuliza maswali nami nitaulizwa niliupitishaje. Sikujua katazo hilo, Mama, na kutojua kwangu si utetezi. Lakini angalia mambo yalivyo: udongo ukiwa kwenye kiatu cha mke wangu ni kosa, ukiwa kwenye kisahani chao ni ugunduzi. Nilitoka pale nikaenda kuwapa kulungu majani.

Esta nilimwambia jioni. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, hakuinua sauti. Unajua watu wa kwao Musoma wakisema taratibu ndiyo uogope.

"Uliombwa kijiko," akasema. "Ukatoa kitita. Hata jirani wa kuomba chumvi hurudisha bakuli. Ukicheka na nyani utavuna mabua, mwanaume. Mimi sina shida na dawa yao. Kitovu kinakaribia kudondoka. Kalete udongo wa mama."

Kikadondoka siku mbili baadaye. Nikaenda kuomba. Sikuomba kisahani wala dawa. Niliomba kilichobaki kwenye kitita, nikaeleza ni cha nini. Dokta akasema sawa, nipe siku mbili. Nilipokwenda aliniletea kopo lililofungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Kanga haikuwemo. Nikauliza kanga iko wapi, akasema imeteketezwa, ndiyo kanuni. Nikafungua. Udongo ulikuwa mweusi zaidi, unanuka sufuria iliyoungua. Kanuni inasema udongo wa nje hautoki maabara ukiwa hai, kwa hiyo waliupika kwenye mtungi wa mvuke mpaka kila kilichomo kikafa, ndipo wakanirudishia. Wale wa kwenye kisahani hawakupikwa. Wale ni mali yao.

"Kulungu akirudi kwao," nikamuuliza, "mnamchemsha kwanza?"

Dokta Ingrid alilia. Nami, Mungu anisamehe, nilimwacha alie, nikaondoka na kopo langu.

Nyumbani niliudondoshea maji. Nikanusa mimi, akanusa Esta. Hakuna kitu. Akaurudisha kwenye kopo taratibu, akafunga mfuniko. "Mwanangu hazikwi kitovu chake kwenye ukoko," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue akalia.

Mama, nisamehe. Wote hawa wana makosa yao, lakini aliyekitoa kitita mlangoni ni mimi, na nilikitoa kwa sifa. Ulinipa kitu kimoja nikilinde na nikakigeuza maonyesho.

Karatasi sijasaini na sitasaini. Nimewaandikia yangu. Nilichukua mkataba wa kulungu, nikatoa neno kulungu, nikaweka udongo wa nyuma ya nyumba ya mama yangu na viumbe vyote vilivyomo, mengine nikayaacha vile vile: kwamba popote vilipo, vyenyewe na kizazi chao chote, kwao ni huko, na walio navyo ni walezi. Nikaambatanisha nakala ya barua kwa ubalozi wetu. Klaus aliisoma, akaniambia maneno ni mazuri na kwamba mkataba wangu wa kazi utajadiliwa mwezi ujao. Inawezekana nikafukuzwa. Esta anajua, na amesema tulikuja na masanduku mawili, hayajaoza.

Huyo mtu wa kutoka mjini atakuja. Labda atakuja na gari zuri na sukari kilo mbili, na atakuita mama. Mkaribishe, mpe samaki, maana mgeni ni mgeni. Lakini dole usitoe, na usimchotee hata wa kujaza kifuniko cha soda. Najua litakuwia gumu, hujawahi kumnyima mtu udongo maisha yako yote, na sipendi kuwa mimi ninayekufundisha. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, mwite na mtendaji, aulizwe mbele yao kibali cha serikali kiko wapi. Kama wanaitaka dawa kweli, waje waombe kwa mlango wa mbele. Mimi siombi wasiitengeneze. Wapo watu wanaooza vidonda wanaoihitaji. Nataka tu iandikwe imetoka kwa nani.

Sasa Leah, weka barua chini kidogo. Ndani ya bahasha kuna kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Usikifungue wewe. Mpe Mama mkononi.

Hicho ndicho kitovu cha mjukuu wako, Mama. Kimekauka, kidogo kuliko punje ya karanga. Dada Pendo alihisi kitu ndani ya bahasha akaniangalia, hakuuliza, na mimi safari hii sikuomba ruhusa ya mtu. Kwa kuwa udongo haukuweza kukaa hai huku, yeye ndiye atakayekuja huko. Kizike chini ya manyara, karibu na changu, na usiweke jiwe juu. Kama mvua imenyesha itakuwa vizuri zaidi.

Nisalimie kaka zangu mapacha, Kulwa na Doto, nikijua wamelala mchana kwa sababu ya kuvua dagaa usiku. Nisalimie shangazi yangu wa Sengerema, mwambie kile kitenge alichompa Esta ndicho anachombebea mtoto, na Wazungu wanageuka njiani. Mzee Lubinza mpe salamu zake za pekee. Aendelee kuchota kichuguu kama kawaida, hili halimhusu. Mchungaji atukumbuke kwenye sala za Jumatano.

Jambo la mwisho. Kulungu alipata jina siku aliyozaliwa. Binti yetu hana. Ofisi ya usajili imetuandikia mara mbili kuuliza, na mara zote mbili nimewajibu kwamba bibi yake hajasema. Kwenye kitanda chake bado kuna kibandiko cha hospitali kilichoandikwa "msichana". Ukimaliza kukifukia kitovu, nawa mikono, unipigie, utamke jina lake.

Ni mimi mwanao,
Shija,
pamoja na mkweo Esta, na huyu anayesubiri kuitwa.